Nusu ya Vazi



Juma hili Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Martino, Askofu wa Tours, ambaye sikukuu yake huadhimishwa kila tarehe 11 Novemba. Habari yake wanaijua hata watoto wa mafundisho. Alikuwa askari kijana, tena bado mkatekumeni. Siku moja ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens, alimkuta maskini aliye karibu uchi. Martino hakuwa na fedha. Alichomoa upanga wake, akalikata vazi lake vipande viwili; kimoja akampa maskini, kingine akajifunika mwenyewe. Usiku ule alimwona Kristo katika ndoto, naye amevaa kile kipande kilichotolewa.

Jambo moja katika habari hiyo husahauliwa. Martino hakuwa mwenyeji wa Amiens. Alizaliwa Panonia, katika nchi ambayo leo ni Hungaria, akalelewa Pavia huko Italia, na utumishi wa jeshi ndio uliompeleka Galia, yaani Ufaransa ya leo. Alikuwa mtu wa kazi ugenini. Kwa sababu hiyo napenda leo kuzungumza nanyi juu ya wale wanaofanya kazi mbali na kwao, na juu ya mila na sikukuu wanazozichukua katika mizigo yao.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa padre kijana nilipangiwa parokia moja huku kwetu Ugogo. Tulikuwa mapadre wanne: watatu wazawa, na mmoja mmisionari mzee kutoka kaskazini mwa Italia. Mzee yule alikuwa ameishi na Wagogo miaka mingi kuliko umri wangu. Alipoamkia "Mbukwenyi," akina bibi walimjibu bila kuinua macho, wakidhani ni mwana wa jirani.

Kwao, siku ya Mtakatifu Martino ni siku ya wakulima. Hufungua divai mpya, na huchoma motoni kokwa za miti ya milimani. Kokwa hizo huku hazipo, basi mzee alikaanga karanga za shamba la misioni. Alitandika meza barazani, akaweka karanga, mkate na chupa ya divai, akatualika sisi mapadre wenzake pamoja na makatekista.

Hatukwenda. Mmoja alisema ana semina, mwingine alisema pikipiki yake imeharibika, nami nilisema nina mahubiri ya kuandika. Ukweli ni kwamba siku ile tulikwisha kuipa jina: "sikukuu ya Wazungu." Tuliona haituhusu. Nao makatekista, walipoona mapadre hawaendi, waliona haya kwenda. Usiku nilipita barazani nikienda kuzima jenereta. Nilimkuta ameketi peke yake kati ya viti vitupu, anamenya karanga moja moja. Akaniambia kwa upole, "Padre, chukua zako. Zimepoa, lakini bado nzuri." Nilichukua, nikaenda kulala. Sikuketi. Mwaka uliofuata alirudi kwao kwa matibabu, akafariki huko. Sikupata kumwomba msamaha.

Wapendwa, miaka michache baadaye zamu ikawa yangu. Askofu alinituma kuhudumu miaka mitatu katika parokia moja ya Italia. Wenzangu wa kazi walikuwa paroko, msimamizi wa sakristia, karani wa ofisi na mama mpishi, watu wema wote. Ilipofika tarehe 9 Desemba, siku nchi yetu ilipopata uhuru wake mwaka 1961, hakuna aliyeijua. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Nilifunga mlango wa jiko dogo la ghorofani, nikasonga ugali, nikapika mlenda mkavu niliotumiwa na dada yangu, nikala peke yangu. Nilijisemea kwamba watu hawa hawawezi kuelewa. Hapo ndipo nilipozikumbuka zile karanga. Mzee yule alikuwa ameuacha mlango wazi, na sisi tukakataa kuingia; mimi nilikuwa nimeufunga mwenyewe, kisha nikawalaumu walioko nje.

Mwaka wa pili niliwaalika. Mama mpishi alipouona ugali alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe wakulima wa kaskazini mwa Italia wamekula ugali wa mahindi kwa karne nyingi, nao huuita polenta. Mama yake aliwalea kwa huo! Mlenda ulimshinda, nakiri, lakini ugali aliomba tena. Kisha alitusimulia habari za baba yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa mkataba wa mwaka 1946 kati ya Italia na Ubelgiji, Waitalia kwa maelfu walikwenda Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe, naye baba yake akiwa mmoja wao. Waliishi katika mabanda. Jioni za sikukuu waliimba nyimbo za kwao wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ulizuka katika mgodi wa Marcinelle. Watu 262 walikufa, na kati yao 136 walikuwa Waitalia. Baba yake alifanya kazi katika mgodi mwingine, akasalimika, lakini alizika rafiki. "Baba alituambia," mama yule alisema, "kwamba majirani walikuja kwao kwa mara ya kwanza siku ya mazishi."

Ndugu zangu, je, na sisi tungoje mazishi ndipo tuketi pamoja?

Turudi kwa Mtakatifu Martino. Hakulitoa vazi lake lote, wala hakulishika lote. Mtu aliye ugenini hujaribiwa kwa njia hizo mbili. Njia ya kwanza ni kulitupa vazi zima: kuionea haya lugha ya mama yake, chakula cha kwao, hata jina alilopewa na babu yake, ili afanane na wenyeji. Huyo ataona baridi. Njia ya pili ni kujifunika vazi zima na kufunga mlango, kana kwamba mwenzake wa kazini ni mtu wa mashine tu, wa kusalimiwa asubuhi na kusahauliwa jioni. Huyo anamwacha Kristo langoni. Njia ya Martino ni ya tatu: shika nusu, maana ni yako na Mungu ndiye aliyekupa, toa nusu, maana mwenzako naye ana baridi yake usiyoijua.

Kukata vazi kuna gharama. Yapo katika mila zetu mambo yanayopaswa kubaki chini ya upanga, kama ulevi na maneno ya kudharau kabila au dini ya mwingine. Tena anayealika huchunga dhamiri ya mgeni wake. Ukimwalika Mwislamu mezani pako, usimwekee kitu ambacho dini yake imemkataza, kisha ukasema kwamba umemkaribisha.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha njia hiyohiyo. Tobiti alikuwa mhamishwa Ninawi. Sikukuu ya Pentekoste ilipofika na meza ikajaa, hakugusa chakula kabla ya kumtuma mwanawe Tobia amtafute maskini wa kula naye. Alimtafuta mtu wa taifa lake. Lakini Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 16, linapanua meza zaidi: linamwagiza Mwisraeli afurahi katika sikukuu zake pamoja na mjane, yatima, na mgeni anayekaa kati yao. Naye Bwana wetu amempanulia meza hiyo kila mtu.

Sisi wa Dodoma tuna ushahidi shambani. Wamisionari kutoka Italia walileta mizabibu, nayo ikapandwa Bihawana ili ipatikane divai ya Misa. Kilikuwa kitu cha kwao. Lakini waliolima, wakakata matawi na kuchuma, ni Wagogo. Leo mtoto wa Hombolo ukimwambia kwamba zabibu ni tunda la kigeni atakucheka. Tena mzabibu ambao Ulaya huzaa mara moja kwa mwaka, huku kwetu huvunwa mara mbili. Kilichogawanywa na wenyeji kimezaa kuliko kilivyozaa kwao.

Na leo mji wetu umejaa wageni. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini tangu mwaka 2016 watumishi wa serikali wamefika kwa wingi. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ilijengwa na mafundi wetu bega kwa bega na Waturuki. Katika hospitali na shule zetu wapo masista kutoka ng'ambo. Kila mmoja wao ana siku moja katika mwaka ambayo moyo wake haupo hapa.

Basi, nawaomba jambo moja. Ninyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, ulizeni majirani na wenzenu wa kazi: sikukuu ya kwenu ni lini? Siku hiyo nendeni, hata kwa robo saa. Nanyi wanaparokia wenye watoto walio ng'ambo, waandikieni wasile peke yao. Wawaalike wenzao, hata kama mlenda utawashinda.

Nami kila tarehe 11 Novemba hukaanga karanga na kuweka viti barazani. Sijui kama deni langu litakwisha. Lakini viti havikai vitupu.

Ee Bwana, uliyevaa nusu ya vazi la mgeni, utufundishe kukata na kugawana, ili siku utakapokuja langoni kwetu utukute tumeketi pamoja. Amina.