Haki Yako Imeandikwa Wapi, na Nani Anaweza Kuifuta?

Niliombwa niongee dakika chache kuhusu haki na Katiba. Wadau wa mtandaoni nao wakaomba maandishi, kwa hivyo nimeyakata vipande vipande yaingie kwenye uzi. Kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunaongea mambo, hatuongei watu.

1. Kila msimu wa siasa utasikia kauli mbili. Huyu anapiga kelele, "Hii ni haki yetu ya kikatiba!" Yule anajibu, "Katiba ni karatasi tu, wakubwa hufanya wanavyotaka." Mimi naona wote wawili wana haraka. Mtu akitaja haki, muulize maswali matatu: Imeandikwa wapi? Nani anaweza kuifuta? Na nikinyimwa, naenda kwa nani?

2. Haki huanza kama wazo. Watu wanakubaliana kwamba kumfunga mtu bila kesi si sawa, au kumtoa mtu kwenye ardhi ya babu zake bila kumsikiza si sawa. Lakini huwezi kumshtaki afisa kwa sababu amepuuza wazo zuri. Lazima liandikwe mahali. Kwetu Kenya kuna mahali patatu pakuu: sheria ya Bunge, Katiba, na mikataba ya kimataifa. Nguvu zake hazilingani.

3. Sheria ya Bunge ni rahisi kutunga na ni rahisi kubadilisha. Walio wengi bungeni wakikubali na Rais akatia sahihi, imepita. Kwa hivyo haki iliyo kwenye sheria ya kawaida peke yake, Bunge la kesho linaweza kuiondoa, na hakuna atakayekuja Kaptagat kuuliza ulipiga kura gani.

4. Zamani hata Katiba yenyewe ilikuwa hivyo. Mwaka 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Kura ya maoni? Hakuna. Wabunge peke yao walitosha. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, baada ya watu kuwekwa kizuizini na wengine kuuawa kwenye maandamano ya Saba Saba ya 1990. Hebu fikirieni: haki ya kuunda chama iliondolewa bila jasho, ikarudi kwa damu.

5. Kwani wakati huo hatukuwa na mikataba? Tulikuwa nayo! Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, na mkataba huo unalinda uhuru wa kujumuika. Halafu Juni 1981 marais wa Afrika walikutana hapa hapa Nairobi, wakapitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mwaka uliofuata ndio 2A ikaja. Mikataba haikutuokoa kwa sababu mahakama zetu zilishikilia kwamba mkataba hauna nguvu hapa nchini mpaka Bunge liutungie sheria. Na Bunge lenyewe ndilo lililokuwa likituminya.

6. Sasa tuje 2010. Tulipiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti, na Katiba ikaanza kazi tarehe 27 Agosti. Ilifanya mambo matatu ambayo watu husahau kwenye mijadala.

Kwanza, iliweka kufuli. Ukitaka kugusa Sura ya Nne, ile ya haki, kifungu cha 255 kinasema lazima kura ya maoni. Walio wengi waunge mkono, na angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa wajitokeze katika nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47.

Pili, ilifungulia mikataba mlango. Kifungu cha 2(6) kinasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Na kifungu cha 2(4) kinasema sheria yoyote inayokinzana na Katiba ni batili.

Tatu, ilikupa njia ya kwenda kortini. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba yake, ya mwenzake, au ya umma. Hakuna ada ya kufungua kesi ya aina hiyo, na mahakama ikibidi inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi.

7. Mfano wa karibu na simu yako. Kulikuwa na kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichofanya kosa la jinai kutuma ujumbe wa "kuudhi" au wa kuleta usumbufu. Nani anapima kuudhika? Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikitupa nje, ikasema hakieleweki na kinabana uhuru wa kujieleza. Watu wakashangilia. Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya makosa ya kompyuta, yenye vifungu vya kuadhibu habari za uongo, na watu wakarudi kortini. Kwa hivyo msidhani ushindi mmoja unamaliza kazi. Korti hufuta maneno yaliyoandikwa, lakini haimzuii mtu kuandika mengine.

8. Sasa mfano wa karibu na msitu wetu, maana hapa Kaptagat hakuna asiyejua msitu ni nini kwa mwananchi. Katiba inaitaka serikali ifikishe angalau asilimia 10 ya ardhi yenye miti, kifungu cha 69. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 63, inatambua ardhi ya asili ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Zikigongana je?

Waogiek wa Mau walipewa notisi Oktoba 2009 waondoke msituni ndani ya siku 30. Kesi yao ikafika Mahakama ya Afrika kule Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikasema serikali imevunja haki zao chini ya ule Mkataba wa Afrika, na kwamba kuhifadhi msitu hakukuwa sababu tosha ya kuwafukuza. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85, na ardhi yao itambuliwe kwa hati ya pamoja. Lakini Novemba 2023, huko Sasimwani, Narok, nyumba za Waogiek zikabomolewa tena.

9. Hapo yule wa "karatasi tu" atasema, si niliwaambia? Mimi namjibu hivi. Bila ile karatasi, Waogiek wangekuwa wavamizi wa msitu, basi, stori imeisha. Kwa sababu ya karatasi, wana hukumu yenye tarehe, kiasi cha pesa na jina la anayedaiwa. Mjadala umetoka kwenye "mna haki?" umeingia kwenye "mbona hamjatekeleza?" Hiyo si hatua ndogo. Ila haijajenga nyumba hata moja, na tusijidanganye kwamba imejenga.

10. Kwa hivyo mtu akija hapa kuomba kura na akawaahidi haki, iwe ya ardhi, maji au hospitali, msimpigie makofi haraka. Muulizeni: unaiweka kwenye sheria au kwenye Katiba? Pesa za kuitekeleza ziko kwenye bajeti gani? Ukikosa kutimiza, tunakupeleka wapi? Na akisema atabadilisha haki fulani "bungeni tu, haraka haraka", mkumbusheni kifungu cha 255. Hiyo kufuli tuliiweka sisi.

Wenye maswali hapa inueni mikono, na wa mtandaoni andikeni hapo chini, nitajibu mmoja mmoja.