Mkono, Ulimi na Ubongo: Namna Mtoto Ajifunzavyo



Mtoto aliyekulia karibu na soko aweza kuuza sambaza za Kivu tangu asubuhi hata adhuhuri, akapima, akapokea noti, akarudisha chenji, na hesabu yake isipungue hata faranga moja. Mtoto huyo huyo, akiandikiwa hesabu ya namna ile ile ubaoni, mara nyingi hukwama, na jamaa zake husema kwamba ana kichwa kizito. Neno hilo huumiza, tena yafaa lichunguzwe kabla ya kusemwa.

Jambo hili lilipimwa mjini Recife, nchini Brazili, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1985. Watafiti waliwaendea watoto 5 waliokuwa wakiuza vitu, wakanunua kwao na kuwauliza bei kama wafanyavyo wanunuzi wengine. Majibu 98 katika kila 100 yalikuwa sahihi. Baadaye watoto wale wale walipewa hesabu za namna hiyo katika karatasi, tarakimu tupu pasipo nazi wala malimau, na majibu sahihi yakashuka hata 37 katika kila 100. Vichwa havikubadilika. Hesabu ya soko na hesabu ya karatasi zilikaa mbali mbali akilini, wala hapakuwa na mtu aliyeziunganisha.

Mwaka 1949 Donald Hebb, mtaalamu wa Kanada, alieleza kwamba chembe za ubongo zinazofanya kazi pamoja mara kwa mara huimarisha uhusiano wao. Ni kama njia ya mguu katika nyasi: ipitwayo kila siku hubaki wazi, iachwayo huota majani. Swali lililo zito kwa mwalimu ni hili: kupita huko ni kupi? Je, kusoma daftari mara nne ni kupita mara nne?

Jibu la kushangaza lilitolewa mwaka 2006 na Roediger na Karpicke, huko St. Louis, Marekani. Wanafunzi wa kundi moja walisoma habari mara nne. Wa kundi jingine waliisoma mara moja, kisha mara tatu wakaandika walichokumbuka pasipo kuitazama. Baada ya dakika 5 wale waliosoma mara nne walishinda, kwa 83 dhidi ya 71 katika mia. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka 40 katika mia, na waliojiuliza wakakumbuka 61. Basi mtoto anayenakili ubao kwa hati nzuri, akasoma daftari usiku wa kuamkia mtihani, anadanganywa na dakika zile 5 za kwanza.

Wazee wa vyuo hawatashangaa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa ubao wa mti na wino aliandika aya zake, akazisoma, akaosha ubao kwa maji, kisha akasimama mbele ya mwalimu wake na kuzitoa moyoni. Na za jana na za juzi aliulizwa pia. Ubao ulioshwa, ukumbusho ukabaki. Shule nyingi zilichukua daftari, ambalo halioshwi, zikasahau kuuliza. Hata hivyo haifai chuo kijisifu kupita kiasi, kwa kuwa wapo waliotamka vizuri miaka mingi pasipo kuelezwa maana ya walichotamka.

Wala mkono peke yake hautoshi. Katika mwaka 1953 kijana mmoja Mmarekani, aliyeitwa H.M. katika maandishi ya waganga, alipasuliwa ubongo ili apone kifafa, na toka hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za mambo yaliyompata. Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha nyota kwa kalamu huku akiitazama katika kioo. Kwa siku tatu mkono wake ulizidi kuwa hodari, ingawa kila siku alisema kazi hiyo hajapata kuiona. Ustadi wa mkono na habari iwezayo kusimuliwa zina ghala mbalimbali ubongoni, na mtoto ahitaji zote mbili.

Mtaala wa Rwanda uliotangazwa mwaka 2015 unamtaka mwanafunzi atende, achunguze na kujadiliana. Lengo ni jema. Chukua somo la asilimia. Wanafunzi wapime sambaza mbichi, wazianike juani, wazipime tena zikikauka, watafute sehemu ya uzito iliyopotea na waseme maji yamekwenda wapi. Lakini kabla ya kupima kila mmoja aandike makadirio yake, na kesho yake, madaftari yakiwa yamefungwa, aeleze hesabu ilivyofanyika. Baada ya juma aulizwe tena, safari hii kwa majani ya chai au kwa mpunga wa Bugarama. Yasipofanyika hayo, litakalobaki kichwani ni harufu ya samaki.

Kuna mzigo mwingine. Wataalamu hukadiria kwamba akili huweza kushika kwa wakati mmoja mambo machache sana, kama manne hivi. Tangu uamuzi wa mwaka 2008 Kiingereza kimekuwa lugha kuu ya kufundishia, na mtoto asiyekijua hutumia nafasi hiyo ndogo kutafuta maana ya maneno, hesabu ikakosa pa kukaa. Waachwe kwanza waizungumzie mizani kwa Kinyarwanda, au kwa Kiswahili, ambacho toka mwaka 2017 nacho ni lugha rasmi ya Rwanda. Maneno ya Kiingereza yafuate jambo likiisha fahamika.

Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na mizani moja atasema kwamba muda hautoshi, na malalamiko yake ni ya kweli. Walakini kuuliza yaliyosomwa juma lililopita huchukua dakika tano mwanzoni mwa kipindi, wala hakuhitaji mizani.