Ughali wa Unga

Maneno yangu ya leo ni juu ya unga wa mahindi. Hapa Kenya mtu asemapo kwamba amekula chakula, mara nyingi maana yake amekula ugali. Basi bei ya unga ikipanda, kila nyumba huona. Lakini aumiaye kwanza ni yule asiye na shamba, anunuaye unga wa leo kwa ujira wa leo.

Sababu za ughali ni nyingi, nami nitataja tatu. Ya kwanza ni mvua. Mvua ikikosekana, mahindi hupungua, na walaji hawapungui. Ya pili ni wadudu. Viwavijeshi ambavyo asili yake ni bara la Amerika vilionekana Afrika ya Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata vilikuwa vimefika katika mashamba ya Kenya. Ya tatu ni mambo ya nchi za mbali. Urusi ilipoishambulia Ukraine mwezi wa Februari 2022, ngano, mafuta na mbolea zilizidi kuwa ghali duniani kote. Mkulima wa Kitale hakuwamo katika vita ile, walakini aliona hasara yake dukani alipokwenda kununua mbolea.

Sasa tutazame Serikali ilifanya nini. Mwezi wa Februari 2017 ilitangaza ya kuwa ukame ni janga la taifa. Hata mwezi wa Mei pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imepita shilingi 150. Ndipo Serikali ikaleta mahindi kutoka nje, mengine kutoka Mexico, ikawauzia wenye vinu kwa bei nafuu, na pakiti ile ikaamriwa iuzwe shilingi 90. Tufanye hesabu. Nyumba ilayo pakiti moja kila siku iliokoa shilingi 60 kwa siku, yaani shilingi 1,800 kwa mwezi. Kwa mtu wa kibarua, hiyo si fedha ndogo.

Lakini jambo moja lilionekana upesi. Unga wa bei ile ulikuwa adimu. Watu walipanga foleni, na maduka mengine yaliweka hesabu ya pakiti ambazo mtu mmoja angeweza kununua. Mwezi wa Julai 2022 mambo yakawa vivyo hivyo. Pakiti ya kilo 2, iliyokuwa imefika shilingi 205, iliamriwa iuzwe shilingi 100, na watu wengi waliisikia bei hiyo wasiuone unga wenyewe.

Wanafunzi, lifikirini sana neno hili. Amri ya bei haiongezi hata punje moja ya mahindi. Mahindi yakiwa machache na bei ikashushwa, yatakwisha upesi zaidi, na atakayeyapata ni aliyewahi, si mwenye njaa kuliko wenzake. Tena mwenye mali hununua kwa bei ile ile ya maskini, hata msaada uliokusudiwa kumfikia mnyonge ukamfikia na asiyeuhitaji.

Hapa pana shida kubwa zaidi. Mlaji wa Mombasa huomba mahindi yawe rahisi, na mkulima wa Trans Nzoia huomba yawe na bei njema, na wote wawili wana haki. Mahindi ya kigeni yakishushwa bandarini wakati mkulima anavuna, mlaji hufurahi mwaka huo. Lakini mkulima aliyeuza kwa hasara atapanda kidogo mwaka ujao, na ughali utarudi. Kwa hiyo msaada wa unga wafaa wakati wa njaa, nao wapasa uwe wa siku chache. Msaada wa kudumu ni ule umfikiao mkulima kabla hajapanda.

Njia hiyo nayo ilijaribiwa. Mwezi wa Septemba 2022 Serikali mpya iliacha kulipia unga, ikageukia mbolea. Gunia la kilo 50, lililokuwa shilingi 6,500, liliuzwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 likashushwa tena hata shilingi 2,500. Walakini mwaka 2024 iligunduliwa ya kuwa magunia mengine yaliyouzwa katika mpango huo hayakuwa mbolea ya kweli. Mkulima aliyedanganywa hivyo hakupoteza fedha tu. Alipoteza na msimu, na msimu ukipita haununuliki. Basi mpango mwema bila walinzi waaminifu hauleti mavuno.

Sisi wenyewe nasi tunayo kazi. Wengi wetu huuza mahindi yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha hununua unga ghali baada ya miezi michache. Husemwa ya kwamba akiba haiozi, lakini mahindi yasiyokauka huoza. Tena huota ukungu wenye sumu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kabla ya kuweka akiba, chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa vizuri, kisha ngoja dakika 15. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, mahindi yangali na maji; yarudishe juani. Isipogandama, yameanza kufaa kuwekwa, nawe uyatandaze mahali pakavu palipoinuka juu ya ardhi, mbali na panya. Na kando ya mahindi panda mtama na muhogo, kwa kuwa hivyo huvumilia ukame kuliko mahindi.

Mabibi na mabwana, mtu akiwaambia ya kuwa Serikali imeshusha bei, mwulizeni maswali matatu: Chakula chenyewe kipo? Nani atakipata? Na mkulima atapanda tena? Yakijibika yote matatu, mpango ni mwema. Moja likikosa jibu, jueni ya kuwa kazi haijaisha. Kwaherini.