Injini Inavuma, Gari Haliendi

[SAUTI: Gari linapanda mlima, injini inavuma kwa nguvu. Sauti inapungua taratibu.]

Leo tunazungumza juu ya gari.

Kambini, pikapu moja kuukuu ni riziki ya nyumba nyingi. Inapeleka mihogo sokoni, na usiku inampeleka mama mjamzito hospitali. Sasa tuseme wewe na wenzako mmechanga pesa, mkanunua pikapu ya giaboksi otomatiki. Hapa Bujumbura, kando ya ziwa, inakwenda vizuri. Lakini mkianza kupanda kwenda Bugarama, injini inapiga kelele, na mwendo hauongezeki. Gia inateleza. Mnampelekea fundi, naye anasema, "Giaboksi imekufa, leteni pesa ya nyingine."

Msikilizaji, usitoe pesa bado. Uliza kwanza: mafuta ya giaboksi yamepimwa?

Kwa nini mafuta? Ndani ya giaboksi hiyo kuna pampu inayoyasukuma, na nguvu ya mafuta ndiyo inayobana sahani za klachi. Yakipungua, pampu inavuta hewa, sahani zinalegea na kuteleza. Zikiteleza zinapata moto, na mwisho zinaungua. Barabara tambarare inaficha ugonjwa huu. Mlima na mzigo vinautoa nje.

Kwa pikapu nyingi za zamani, pima hivi. Endesha kidogo mpaka gari lipate joto. Simama mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, injini ikiwa inawaka. Kanyaga breki, pitisha gia zote polepole, kisha rudi kwenye P. Chomoa kijiti cha giaboksi, si kile cha injini. Kifute, kirudishe, kichomoe tena. Magari mengine yana utaratibu tofauti, kwa hiyo ukiwa na kitabu cha gari, fuata kitabu.

Sasa tazama na unuse.

Mafuta ni mekundu lakini yamepungua? Kuna mahali yanavuja, maana mafuta haya hayaungui kama ya injini. Tafuta unyevu chini ya giaboksi na kwenye mabomba yanayokwenda kwenye rejeta. Ziba pavujapo, kisha jaza kidogo kidogo aina ile ile inayotakiwa na gari lako. Usizidishe.

Yamekuwa kama maziwa ya rangi ya waridi? Maji ya rejeta yameingia. Usiendelee kuendesha.

Ni meusi na yananuka kuungua? Hapo sahani zimeumia, na kubadilisha mafuta peke yake hakutaziponya.

Kama mafuta ni mazuri na yametosha, bado kuna waya wa kuchagua gia, na kwenye magari mengi ya zamani kuna waya unaotoka kwenye eksileta kwenda giaboksi. Ukilegea, nguvu ya mafuta inapungua. Kuurekebisha ni kazi ndogo. Mwambie fundi pia kama gia zote zinateleza au moja tu. Zote zikiteleza, shaka la kwanza ni mafuta. Ikiwa ni moja tu, huenda sahani za gia hiyo zimekwisha.

Ukifika Buyenzi kwa mafundi, usiseme tu "giaboksi mbovu." Eleza ulichoona, na omba uonyeshwe kijiti mbele ya macho yako.

Mambo mawili ya mwisho. Gari likiteleza mlimani, shusha abiria mahali salama, usilazimishe. Na usilivute kwa kamba huku magurudumu yanayosukuma gari yakizunguka chini: injini ikizimika pampu haifanyi kazi, na giaboksi inajisaga bila mafuta.

Jadilini leo: nani kati yenu anapima mafuta ya gari lenu, na alipima lini mara ya mwisho?

[MUZIKI]