Trauti wa Milima ya Usambara



Mtu wa pwani akisikia neno uvuvi, moyo wake huenda baharini: kwenye ngalawa, nyavu, madema na upepo wa kusi. Jioni hii nawaomba mfuatane nami upande mwingine, mbali na bahari, mpaka mahali ambapo mvuvi huvaa koti zito na maji ya mto humtia ganzi miguuni. Twapanda kutoka Mombo, twapita Soni na Lushoto, twaingia katika msitu wa Magamba, twapita Lukozi, na hatimaye twafika Malindi. Sisemi Malindi ile ya Kenya, alikotia nanga Vasco da Gama mwaka 1498. Malindi hii ni ya Wasambaa, iko juu milimani, na mali ya soko lake si papa wala nguru, ila kabichi, karoti na viazi.

Katika nchi hii ya baridi, na hasa katika vijito vya upande wa Magamba, kama Mkuzu, Waingereza walitia samaki mgeni katika siku za utawala wao. Jina lake ni trauti. Wako wa namna mbili waliojulikana sana Afrika ya Mashariki. Mmoja asili yake ni Ulaya, naye ana rangi ya kahawia na madoa. Wa pili asili yake ni mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, naye ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni, hata wazungu wakamwita kwa jina la upinde wa mvua.

Labda mtauliza, samaki wa maji ya baridi alivukaje bahari ya joto? Alivuka akiwa yai. Mwaka 1864 jahazi liitwalo Norfolk lilipeleka mayai ya samoni na ya trauti kutoka Uingereza hata Australia na kisiwa cha Tasmania, safari ya karibu miezi mitatu. Mayai yalilazwa katika majani laini ya unyevu, yale yaotayo juu ya mawe, na barafu ikawekwa pamoja nayo. Baridi ile iliyachelewesha yasianguliwe njiani. Walipokwisha kujua hila hiyo, watu walimtawanya samaki huyu duniani pote. Kenya alifika mwaka 1905, pale Ewart Grogan alipoleta mayai kutoka Loch Leven, ziwa la Uskoti, na samaki wakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua. Mwaka 1948 serikali ya Kenya ikajenga kituo Kiganjo, karibu na Nyeri, cha kuangulia trauti na kuwalea kwa ajili ya mito.

Sasa nieleze jinsi anavyovuliwa, maana ni uvuvi wa ajabu kidogo. Mvuvi hatumii mnyoo wala kipande cha nyama. Huchukua ndoana ndogo sana, huifunga nyuzi za hariri na manyoya ya ndege mpaka ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Ndoana ile haina uzito. Huwezi kuitupa kama mtupavyo chubwi na chambo gatini. Basi uzito huwekwa katika mshipi wenyewe. Mvuvi huupeleka mshipi nyuma kwa ufito mrefu mwembamba, hungoja unyoke hewani, kisha huupeleka mbele, na yule mdudu wa manyoya hushuka polepole juu ya maji kama aliyechoka kuruka. Akishuka kwa kishindo, samaki amekwisha kimbia. Nimewasikia watu wakicheka kuwa ni kazi nyingi kwa kitoweo kidogo. Ni kweli. Uvuvi huu haukuletwa kwa ajili ya kitoweo, bali kwa burudani ya watu wenye nafasi, na wenyeji wa mabondeni hawakuulizwa kama wamtaka mgeni huyo. Tena mgeni mwenyewe ni mlaji: hula mabuu, kaa wadogo wa mtoni na viluwiluwi vya vyura, nayo milima ya Usambara ina vyura wasiopatikana popote pengine duniani. Kwa hiyo simwombei trauti huruma kwa kuwa ni mzuri wa sura.

Namtaja kwa sababu nyingine. Samaki huyu hawezi kuficha ugonjwa wa mto.

Kwanza, yataka maji baridi. Maji yakipita digrii 20 za sentigredi huanza kudhoofika, na yakikaribia 25 hufa. Sababu yake ni hewa. Samaki huvuta hewa iliyochanganyika na maji, na maji ya baridi hushika hewa nyingi kuliko maji ya moto. Kisha kuna jambo ambalo wengi hulisahau: juu milimani hewa ni nyepesi. Mahali penye kimo cha futi 6,000 maji hayawezi kushika ila kama sehemu nne katika tano za hewa ambayo yangeshika pwani kwa baridi ile ile. Trauti wa Usambara, basi, ana akiba ndogo kuliko ndugu yake wa Uskoti. Ukikata miti ya ukingoni, jua la mchana likapiga maji kwa mwendo wa maili moja au mbili, akiba ile imekwisha.

Pili, yataka changarawe safi. Jike huchimba shimo katika changarawe kwa kupiga mkia, hutaga, kisha huyafunika mayai. Yakiwa katika maji ya digrii 10, mayai hukaa humo karibu mwezi mmoja kabla ya kuanguliwa, na muda huo wote huishi kwa maji yapitayo kati ya kokoto. Ikinyesha mvua kubwa, na shamba la juu halina kinga, udongo mwekundu hushuka, huziba nafasi zile, na mayai hufa bila mtu kuona. Hakuna mzoga unaoelea wala harufu. Mwaka unaofuata mvuvi hulaumu ndoana yake.

Hapa ndipo tunapokutana na mkulima. Bonde la Malindi na mabonde ya jirani hulimwa mboga, na mboga bora hulimwa chini kabisa, ukingoni mwa kijito, penye udongo mweusi na maji ya karibu. Mkulima hana ujinga katika jambo hili. Kabichi humpa fedha ya ada ya shule na bati la nyumba. Magari huzichukua mpaka Dar es Salaam. Lakini tazama yanayofuata. Ukingo hulimwa hata jembe likaanguka majini. Mti wa kivuli hukatwa kwa kuwa huzuia jua. Wakati wa kiangazi maji huvutwa kwa mifereji na kwa pampu, na kijito huwa chembamba na vuguvugu. Dawa ya kuua wadudu wa kabichi huoshwa na mvua ya kwanza, ikaingia mtoni, ikaua wadudu wale ambao ndio chakula cha samaki. Na bomba la dawa lenyewe mara nyingi husuuzwa pale pale watoto wachotapo maji. Wako pia wavuao kwa utupa. Majani yale hupondwa, hutiwa majini, na samaki wakubwa kwa wadogo huelea pamoja. Mvuvi wa utupa huvua siku moja chakula cha mwaka mzima, na nusu yake ni vidagaa ambavyo hata havitii sufuriani.

Ndoana ya mvuvi mmoja na ufito wake, ukilinganisha na hayo, ni neno dogo sana.

Najua mkulima wa Usambara akisikia habari ya kulinda udongo hukumbuka maneno ya wazee. Mwaka 1946 Waingereza walianza mpango wao katika bonde la Mlalo, nao wakawalazimisha watu kulima matuta, na asiyelima akatozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Faida haikuonekana upesi, na watu walihofu kuwa shamba likishapigwa matuta litachukuliwa. Waliupinga, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Nionavyo mimi, udongo ulikuwa ukishuka kweli kama walivyosema. Walikosea kudhani kwamba amri hupanda mlima upesi kuliko faida. Miaka ya 1980 kazi ilirudiwa Lushoto kwa njia nyingine. Wakulima walipewa majani ya Guatemala na miti ya kupanda katika mistari ya kukinga maji, na majani yale yakawa chakula cha ng'ombe wa maziwa afungwaye nyumbani. Mistari hiyo watu waliikubali, kwa kuwa ng'ombe alilipa.

Leo sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 ya kuhifadhi mazingira yakataza kazi za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika bonde jembamba la Usambara, mita 60 kila upande ni shamba zima la mtu, pengine na la jirani yake. Sitawadanganya kuwa jambo hili ni jepesi. Lakini hatua kumi zikiachwa na majani marefu huzuia tope jingi, na majani hayo hukatwa yakalishwa ng'ombe. Miti ya kivuli ipandwe ya asili ya bonde, wala si mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Bomba la dawa lisuuzwe mbali na maji, juu ya udongo wa shambani. Utupa uachwe kabisa. Na mifereji ya kiangazi igawanywe kwa zamu, kama wazee walivyofanya, ili kijito kisikatwe kikabaki mawe matupu.

Kama wewe msikilizaji wakaa karibu na kijito cha milimani, nakupa njia ya kukipima isiyotaka mashine. Ingia mahali maji yaendapo mbio juu ya mawe, si katika kidimbwi. Inua jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, uligeuze polepole. Maji yakiwa mazuri utaona wadudu bapa wenye mikia mitatu wakikimbilia upande wa kivuli, na vijumba vidogo vya mchanga na vijiti vilivyogandishwa juu ya jiwe, ambavyo ndani yake hukaa buu. Ukiona utelezi wa kijani tu, na minyoo myekundu chini yake, au usione kitu, geuza jiwe la pili na la tatu. Kisha panda juu ukifuata maji, ukigeuza mawe kila mwendo wa hatua mia, mpaka ufike mahali wadudu wanapoanza kuonekana tena. Shamba, mfereji au mahali pa kusuuzia uliyopita mara kabla ya kufika hapo ndipo pa kwenda kuzungumza na mwenyewe, kwa adabu, asubuhi kabla hajaanza kazi.