Katikati ya ligi, mshabiki wa Majimaji anahesabu nini?

Mpenzi msikilizaji, wiki iliyopita tulizungumzia bei ya kahawa, na wiki ya kabla yake barabara. Leo naomba uniruhusu nizungumzie kandanda. Ligi imefika katikati, na mshabiki wa kweli msimu ukifika hapo hukaa chini akahesabu. Nami ni mshabiki. Timu yangu ni Majimaji ya Songea, Wanalizombe, nami nazungumza nikiwa Kigonsera, kwenye barabara ya kutoka Songea kwenda Mbinga.

Najua tayari wapo wanaocheka. Ukipita hapa Kigonsera Jumamosi jioni, ukasimama mlangoni mwa kibanda umiza, utaona jezi nyekundu upande huu na za kijani upande ule. Vijana watakutajia beki wa akiba wa Simba na kipa wa tatu wa Yanga bila kukosea. Waulize kikosi cha Majimaji. Watatazamana.

Sasa tuanze na hesabu yenyewe. Katika ligi ya timu 16 kila timu hucheza mechi 30. Nusu ya kwanza ni mechi 15, yaani pointi 45 kwa atakayeshinda zote. Timu za mikoani haziwazi 45. Hesabu yao ni ya kubaki, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Utamsikia mshabiki akijisifu, "Tumetoka sare ugenini, tumetoka sare nyumbani, hatufungwi." Ndugu yangu, sare mbili ni pointi mbili. Aliyefungwa moja akashinda moja ana pointi tatu, na yuko juu yako. Zamani ushindi ulipokuwa pointi mbili sare ilikuwa na heshima yake. Siku hizi timu inayoridhika na sare inashuka taratibu, kama mtu anayezama huku akitabasamu.

Jambo la pili ni dirisha dogo la usajili. Ikifika katikati ya msimu viongozi wa timu zilizo chini hufanya mambo mawili: humfukuza kocha na kuleta wachezaji wapya. Sisemi kwamba ni kosa siku zote. Lakini mchezaji anayeachwa na klabu kubwa mwezi wa Desemba mara nyingi ana sababu ya kuachwa, na kocha mpya huhitaji wiki kadhaa ili ajue majina tu. Fedha hiyo hiyo ingelipa mishahara ya wale waliopo. Mchezaji anayedai mshahara wa miezi mitatu hawezi kukimbia dakika tisini.

Jambo la tatu ni letu sisi watu wa Ruvuma, na sijasikia wachambuzi wa Dar es Salaam wakiligusa. Ligi huanza wakati mkulima wa Mbinga ameuza kahawa au anasubiri malipo. Mfukoni kuna kitu, na kiingilio si mzigo. Mzunguko wa pili unapoanza ni Januari au Februari. Mvua inanyesha, na huku kwetu huendelea hadi Aprili. Mbolea imenunuliwa, ada ya watoto imelipwa au inadaiwa, na chakula cha ghala kinapungua. Uwanja ni mzito, na jukwaa limebaki wazi. Kwa hiyo timu ya Songea hupungukiwa na fedha wakati ule ule inapozihitaji zaidi, yaani wakati wa lala salama.

Halafu kuna safari. Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Ukipangiwa Mwanza au Bukoba, unavuka nchi nzima kwa basi. Wenzetu wenye uwezo hupanda ndege asubuhi na jioni wako hotelini. Sisi tunafika na miguu iliyovimba, kesho yake tunaambiwa tucheze, na keshokutwa mtangazaji anasema, "Majimaji walionekana kuchoka." Wasionekane kuchoka kwa nini?

Je, basi tuseme mikoa midogo haiwezi? Hapana. Historia inakataa. Majimaji ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, ikautwaa tena 1986, na mwaka 1998 ikarudia kwa mara ya tatu. Hiyo ya 1998 nilikuwa kijana wa shule, na naikumbuka redio iliyozungukwa na watu ambao hawakuwa na kawaida ya kukaa pamoja. Mwaka huo huo wa 1986, Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Bara. Coastal Union ya Tanga ilikuwa bingwa mwaka 1988, Pamba ya Mwanza ikatwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1990, na Mtibwa Sugar wa Turiani wakatwaa ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotoka Kariakoo.

Kisha tukaporomoka. Majimaji ilipanda na kushuka. Ikarudi ligi kuu msimu wa 2015/16, ikakaa misimu mitatu, na mwaka 2018 ikashuka pamoja na Njombe Mji. Mikoa miwili jirani ilipoteza timu zake katika msimu mmoja.

Nini kilibadilika? Tazama timu za mikoani zilizodumu ligi kuu au kurejea huko. Prisons wana jeshi la Magereza. Mtibwa na Kagera wana viwanda vya sukari. Dodoma Jiji na Mbeya City wana halmashauri za miji yao. Pamba ilishuka ikapotea kwa zaidi ya miaka 20, lakini ikarudi msimu wa 2024/25 ikiwa Pamba Jiji, chini ya jiji la Mwanza. Namungo ya Ruangwa, mji mdogo kuliko Songea, ilipanda mwaka 2019, na mwaka 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini dhidi ya Simba pale Sumbawanga. Ilifungwa mabao mawili kwa moja, lakini ikaenda kucheza Afrika hadi hatua ya makundi. Kila timu hapo ina mwenyewe, mtu au chombo kinachoamka asubuhi kikijua mshahara wa timu unatoka wapi.

Timu yetu ina wapenzi, lakini mara nyingi imekosa mwenyewe. Na wapenzi wenyewe ndio sisi. Simba au Yanga ikija Uwanja wa Majimaji, tunajaa hadi juu ya miti. Halafu nusu yetu tunamshangilia mgeni! Kijana aliyezaliwa Mbinga anamzomea kijana mwenzake wa Namtumbo kwa sababu amemkaba mchezaji wa Kariakoo. Sijui mkoa mwingine unaonaje, lakini mimi huona haya.

Simkatazi mtu kuipenda Simba wala Yanga. Simba walipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2025, na Yanga kabla yao mwaka 2023, nchi nzima ilisimama, nami nilisimama. Lakini mtu hali kwa jirani kila siku akaacha jiko la kwao lizimike.

Wengine wamependekeza kahawa ikatwe shilingi chache kwa kila kilo ziende kwenye timu. Hapo sikubaliani nao. Mkulima wa kahawa amekatwa vya kutosha, na timu inayoletwa kwa makato italetewa chuki. Afadhali halmashauri za mkoa zikae pamoja, ziseme wazi kila moja itatoa nini, na hesabu zisomwe hadharani kila mwisho wa mzunguko, wa kwanza na wa pili. Afadhali kadi ya mwanachama inayolipwa mwezi wa Agosti, kahawa inapouzwa, ili Februari timu isiende kuomba nauli. Na afadhali mashindano ya shule yetu ya sekondari hapa Kigonsera na za jirani yawe na jicho la kocha wa Songea, badala ya kungoja kijana aonwe na wakala wa Dar.

Hapa Kigonsera, katika seminari ya zamani, alisoma Benjamin Mkapa. Leo jina lake liko juu ya uwanja mkubwa wa Dar es Salaam unaoingiza watu 60,000. Jina lilitoka huku likafika kule. Miguu ya vijana wetu inaweza kupita njia hiyo hiyo, tena ikiwa imevaa jezi ya nyumbani.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, ligi ikiwa katikati, hesabu pointi, lakini hesabu na mara ulizolipa kiingilio kwa ajili ya timu ya mkoa wako. Ukipata sifuri, usimlaumu kocha.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.