Dawa ni Nyingi, Mgonjwa ni Mmoja

(Mazungumzo yaliyotolewa na mtabibu wa homeopathia mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Tarawehe)



Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioniita hapa. Nimeombwa nizungumze juu ya maradhi na dawa za asili. Najua wengine mnangoja niwatajie dawa ya presha, ya sukari na ya viungo, kisha twende tukalale. Subirini kidogo. Leo nataka tuseme kweli, hata pale ambapo kweli hiyo inaugusa mkate wangu.

Kwanza, homeopathia ni nini? Wengi hufikiri ni miti shamba. Sivyo. Ilianzishwa na daktari wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mwaka 1755. Zama zake madaktari walikuwa wakimtoa mgonjwa damu mpaka anazimia. Mwaka 1790 alijaribu mwilini mwake gome la mti unaotoa kwinini, akaona anapata dalili zinazofanana na za homa. Mwaka 1796 akaandika kuwa kinacholeta dalili kwa mzima, kidogo chake humponya mgonjwa mwenye dalili hizo.

Sasa hicho kidogo ni kidogo kiasi gani? Chukua tone moja la dawa, utie katika matone 99 ya maji au spiriti, utikise. Katika hayo chukua tone moja, utie tena katika 99. Dawa nyingi tunazotoa zimefanyiwa hivyo mara 30. Ukifika mara ya 12 tu, hesabu ya kemia inaonyesha kuwa huenda haikubaki hata chembe moja ya ile dawa ya mwanzo. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti nyingi, likasema halikuona ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kuaminika kuwa homeopathia inautibu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaonya isitumiwe kutibu malaria, kifua kikuu, ukimwi wala kuhara kwa watoto wachanga.

Mtaniuliza, basi wewe wafanya nini pale dukani kwako? Suali zuri. Mgonjwa mpya nakaa naye saa nzima. Namuuliza analalaje, anakula nini, nani amefariki nyumbani, deni gani linamkesha. Mama mmoja aliniambia, "Daktari, kule kwengine waliniangalia cheti, wewe umeniangalia uso." Mimi si daktari wa hospitali, na nilimwambia hivyo. Lakini nilimfahamu. Watu wengi hawatafuti kidonge, wanatafuta wa kuwasikiliza. Na yapo maradhi, kama mafua na uchovu, ambayo Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili uyaondoe wenyewe ukipumzishwa. Ila kusikilizwa hakuui vijidudu vya kifua kikuu. Mtu akija kwangu na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, anatoka jasho usiku na nguo zinampwaya, hapati kitu kwangu ila barua ya kwenda kupimwa makohozi. Dawa zake ni za miezi sita, kwa kawaida, na azimalize hata akijiona amepona.

Haya, tuje kwenye miti. Hiyo ni habari nyingine, maana mti una nguvu ya kweli. Aspirini chanzo chake ni mti, na metformini wanayomeza wenye sukari asili yake ni mmea wa Ulaya. Dawa ya malaria tunayopewa zahanati imetokana na mmea wa Kichina, na bibi aliyeigundua, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini angalieni: hakuishia kusema babu zetu walikunywa. Alichuja, akapima, akajaribu. Leo ukichemsha majani ya mmea ule ukanywa kama chai, hujui umepata kiasi gani, na malaria yaweza kurudi nayo imeizoea dawa.

Na chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru. Asali ni neema, lakini mtoto hajatimiza mwaka mmoja, msimrambishe, yaweza kumpa sumu ya kulegeza misuli. Kitunguu saumu kwenye mchuzi hakina neno, lakini anayemeza dawa za kuzuia damu isigande akila kwa wingi kama dawa, anaweza kutokwa na damu. Kwa hiyo ukienda hospitali mtajie daktari kila unachokunywa, habbasoda, mlonge, shubiri, vyote. Msione haya. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yenyewe inazitambua tiba za asili.

Sasa Ramadhani. Kila mwaka wanakuja wazee wameacha sindano ya insulini kwa sababu wamefunga, na wameambiwa mdalasini unatosha. Jamani, hautoshi! Mwenye kisukari anayetaka kufunga aonane na daktari wake mapema, kabla mwezi haujaandama, apangiwe dawa za futari na za daku. Ajipime mchana. Wanazuoni wengi wamesema kujitoboa kidole hakuvunji saumu. Mashine ikisoma chini ya 3.9, au ikipita 16.6, afungue pale pale. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, msimwambie "vumilia, Magharibi karibu." Mpeni kitu kitamu.

Najua wazee wetu wanavyoumia kula mchana. Mtu amefunga miaka 50, leo anaona aibu mbele ya wajukuu. Hapa vijana ndipo kazi yenu ilipo. Mkumbusheni babu kwa adabu kuwa ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Sura ya al-Baqara, pamoja na amri yenyewe ya kufunga. Haikutolewa na daktari. Aliyefaradhisha ndiye aliyesamehe. Mpelekeeni maji chumbani, mkae naye, asile peke yake kama mwizi.

Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kuwa kila ugonjwa una dawa. Hatukuambiwa kila dawa inafaa kila ugonjwa. Basi mtabibu yeyote, awe mimi, awe muuza miti, awe mwenye kombe, akikwambia acha dawa za hospitali unywe zangu tu, chukua viatu vyako utoke.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.